Mjadala: Je, AMCOS (vyama vyetu vya ushirika vya wakulima) zichangie mashine ya umeme wa joto la hewa?

Wanamtwara, naleta hoja hii kabla malipo ya korosho hayajaingia. Kuna watu wanapita vijijini wakitaka wanachama wachangie mashine inayodaiwa kuzalisha umeme kwa joto la hewa peke yake: bila mafuta, bila jua, bila upepo. Wanasema molekuli za hewa hazitulii, kwa hiyo nishati ipo bure, kazi ni kuivuna. Mimi nasema tusichange, na anayepinga anipinge kwa hoja.

Kwamba molekuli hazitulii ni kweli tupu. Mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona chembechembe zikitikisika majini mwaka 1827, na Einstein akaeleza sababu mwaka 1905. Kifaa wanachokinadi ni gurudumu dogo mno la meno lenye ulimi wa springi, kama frii ya baiskeli: likisukumwa mbele na molekuli linakwenda, likisukumwa nyuma linakwama. Lakini ulimi wenyewe nao ni mdogo vilevile, nao unatikiswa na joto lilelile! Kila mara unaruka juu na gurudumu linarudi nyuma. Joto likiwa sawa kila upande, kwenda na kurudi vinalingana. Mwanafizikia Smoluchowski alilieleza hilo mwaka 1912, na mwanafizikia Feynman akalifundisha kwa hesabu mwaka 1962. Gurudumu hilo litafanya kazi pale tu upande mmoja unapokuwa wa moto kuliko mwingine. Hata gesi yetu ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, inatoa umeme kwa sababu inachomwa, na hapo ndipo upande wa moto unapopatikana.

Mchangiaji, Newala: Mkuu, mbona mwilini mashine hizo zipo? Binti yangu yuko kidato cha sita, anasema kuna protini inayotembea ndani ya seli. Hiyo inatumia mafuta gani?

Mleta mada: Umeuliza jambo la msingi, ndugu yangu. Hiyo ni kinesini. Hatua yake ni nanomita 8, na kweli mtikisiko wa joto unausaidia mguu wake kufika mbele. Ila kila hatua inateketeza molekuli moja ya ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na nishati ya ATP inatokana na chakula tunachokula. ATP ikiisha, safari imeisha. Hata mashine za molekuli zilizowapa Sauvage, Stoddart na Feringa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2016 zinaendeshwa kwa mwanga, kemikali au umeme.

Wauzaji waitwe kwenye mkutano mkuu wa chama, waulizwe mbele ya wanachama: mashine yao inakula nini, na upande wake wa baridi uko wapi? Wakishindwa kujibu, hela ya korosho isitoke.