Wameiba video yangu, wakaigeuza, sasa naambiwa mimi ndiye mwizi

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Miezi kadhaa nyuma nilirekodi video ya dakika tatu na nusu kuonyesha namna ya kutengeneza zipu isiyoshika. Si jambo kubwa. Zipu nyingi mnazotupa meno yake ni mazima kabisa, kilicholegea ni kile kichwa kinachopanda na kushuka. Unakibana na koleo upande huu, kisha upande ule, taratibu, maana ukizidisha kinapasuka. Basi, inashika. Nilirudia mara kumi na moja kwa sababu mkono wangu ulikuwa unaziba kamera. Siku mbili zilikwenda hapo.

Mwezi uliopita ndugu yangu kanitumia klipu: "Cheki, kuna mtu anatengeneza zipu kama wewe." Nafungua, naona mikono yangu! Kovu la kwenye kidole gumba ni langu, ila limehamia mkono wa pili. Wamegeuza picha, kulia kukawa kushoto, ili mashine isiitambue. Mimi sijawahi kutumia mkono wa kushoto hata kushika kijiko, humo nimekuwa mashoto. Rula iliyokuwa mezani namba zake zinasomeka kinyumenyume. Jina langu lililokuwa pembeni limekatwa, sauti yangu imetupwa, wameweka ile sauti ya roboti inayosoma kila kitu kama inahesabu magunia. Nusu ya chini ya skrini kuna gemu, kikatuni kinakimbia na kuruka, eti watazamaji wasichoke. Wasichoke na zipu!

Yangu ilitazamwa mara 412. Yao imegonga laki 9.

Nikaandika komenti kistaarabu kwamba hii kazi ni yangu. Jibu la kwanza: "Acha wivu mkuu, anzisha ya kwako." Mwingine kanifuata mpaka kwenye ukurasa wangu kuniambia, "Hii tushaiona kwa mwenyewe, we unakopi tu." Nimemwonyesha tarehe. Kanijibu kwa kikatuni cha kucheka.

Nikaripoti, na hapa ndipo wengi hamjui mchezo unavyokwenda. Mitandao mingi mikubwa inafuata sheria ya Marekani ya hakimiliki iitwayo DMCA, ya mwaka 1998. Ukilalamika, video inashushwa. Vizuri. Lakini aliyeipakia anaruhusiwa kupinga, aseme imeondolewa kimakosa, na wewe usipofungua kesi mahakamani video inarudishwa ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi. Mahakamani, wakuu, kwa ajili ya zipu! Mwizi wangu analijua hilo kuliko mimi. Kapinga, kasubiri, video ikarudi na watazamaji wake wote.

Wenye filamu na muziki hawasumbuki hivi. YouTube ina mfumo wa Content ID tangu 2007: mwenye kazi anaweka nakala yake, mashine inalinganisha kila kinachopakiwa, kisha yeye anaamua izuiwe au hela ya matangazo iende kwake. Ila mfumo huo ni wa wenye shehena ya kazi na haki zao. Mwenye zipu moja anajaza fomu.

Na msiniletee ile ya "si unapata umaarufu?" Umaarufu gani, na jina limekatwa?

Sina ugomvi na mtu anayechukua klipu ya mwenzake akaongeza utani wake au akamkosoa. Hiyo ndiyo raha ya intaneti. Ninaowasema ni hawa wasioongeza chochote, pamoja na binamu zao wanaoweka sura kwenye kona, mdomo wazi, wanatikisa kichwa dakika nane kwenye jasho la mtu mwingine, hata kuisimamisha waseme neno moja hawaisimamishi.

Video ya kwanza kabisa YouTube, ya tarehe 23 Aprili 2005, ni Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi wake, kasimama mbele ya tembo anasema wana mikonga mirefu. Sekunde 19. Haina maana yoyote, lakini ni yake. Mwaka uliofuata jarida la Time likamtangaza "Wewe" kuwa mtu wa mwaka, yaani sisi tunaotengeneza vitu na kuvipandisha mtandaoni. Nilikuwa mjinga, nilifurahi.

Sasa sikieni ya jana usiku. Nimekuta toleo la tatu. Kuna mwizi kamwibia mwizi wangu, naye kageuza picha ili asinaswe, kwa hiyo rula inasomeka vizuri na mimi nimerudi kuwa mtu wa mkono wa kulia. Kwenye komenti, ya juu kabisa, yupo yule wa kwanza, kaandika kwa herufi kubwa: "HESHIMUNI KAZI ZA WATU."

Ina laiki 300 na kitu.