Mama anaficha dawa za kifafa kwa sababu haoni tena ule mwanga. Nimwambie nini?

Kitindamimba
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba sana mama yangu asichekwe.

Mama ana miaka 58, ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo mtaani kwetu Morogoro. Kwa miaka minne alikuwa akituambia kuna nyakati anasikia harufu ya ubani pasipo na chetezo, kisha mwanga unamjaa kifuani na anajua kabisa kwamba Mungu yuko naye. Tulifurahi. Majirani walikuja kuombewa.

Mwezi wa tatu nikamkuta jikoni amesimama na mwiko, macho yamekodoka, mdomo unatafuna na hamna kitu ndani, vidole vinasugua pindo la kanga. Uji umefurika, unamtiririkia mkono wa kushoto, anaungua na hana habari. Alipozinduka akaniambia, "Mwanangu, alikuja."

Hospitali wakampima umeme wa ubongo, wakasema ni kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio. Tangu aanze kabamazepini hajapotewa na fahamu tena, ila na mwanga umekoma. Juzi nimekuta vidonge vya siku tano vimefungwa kwenye leso chini ya godoro. Akasema, "Mmenipa dawa ya kumfukuza Mungu." Nilikosa la kujibu. Kwani alichokuwa anakiona ni ugonjwa tu?

Nesi wa Zamu
Pole sana mdogo wangu. Kabla ya mjadala wowote: asikatishe dawa ghafla. Anaweza kupata kifafa cha mfululizo, kimoja juu ya kingine bila kuzinduka, na hicho kinaua. Rudini kliniki, mwambieni daktari kila kitu, hata huo mwanga. Dozi inaweza kurekebishwa au dawa ikabadilishwa, ila aamue daktari. Na asipike peke yake.

Fundi Redio
Jibu lipo siku nyingi. Michael Persinger, kule Sudbury, Kanada, aliwavalisha watu kofia yenye sumaku dhaifu, wengi wakadai wamehisi kuna mtu chumbani. Mungu ni umeme wa kichwani. Mweleze mama taratibu.

Msafiri wa Pwani
Fundi, hadithi hiyo imalizie. Pehr Granqvist na wenzake wa Uppsala, Uswidi, walijaribu sumaku za namna hiyo kwa wanafunzi 89, mvaaji na msimamizi wote wasijue zimewashwa au la. Matokeo yalichapishwa 2005: sumaku haikuleta tofauti. Waliohisi kitu walikuwa wale wepesi wa kushawishika. Mwaka 2006 Mario Beauregard wa Montreal naye alitoa picha za ubongo za masista 15 wa Karmeli, wakikumbuka saa waliyojiona karibu zaidi na Mungu. Sehemu nyingi zilifanya kazi pamoja, hakikuonekana chumba kimoja cha Mungu.

Mimi ni Mwislamu, na nakiri picha hizo hazinibebi mimi wala wewe. Nikisikia adhana, sehemu ya usikivu ubongoni inaamka, na muadhini yupo. Aliyekatwa mguu anausikia mguu unamwasha, ubongo unafanya kazi vilevile, na mguu haupo. Kwa picha ya ubongo peke yake hutajua huko nje kuna nini.

Fundi Redio
Hilo la 2005 nakubali, sikulijua. Ila kwa huyu mama chanzo kimepimwa. Tusilizunguke.

Manusura
Nina kifafa tangu kidato cha pili. Mimi pia, sekunde chache kabla ya kuanguka, nilikuwa napata utulivu ambao sijawahi kuweza kuusimulia. Dawa iliuondoa, nikaulilia kama msiba. Usimwambie mama ulikuwa uongo, alichohisi alikihisi. Muulize tu alianza kusali lini.

Kitindamimba
Asanteni. Nimemuuliza leo nikimpaka mafuta kwenye kovu. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema bibi alimfundisha rozari akiwa na miaka saba, msimu wa kuvuna mpunga. "Miaka yote hiyo sikuona kitu. Nilisali tu."

Jumatatu tunarudi kliniki, amekubali. Usiku huu amemeza kidonge mbele yangu, akanishika mkono tukaanza rozari. Nikamuuliza kama amesikia ubani, akatikisa kichwa na kuendelea. Fumbo la tatu akasinzia, shanga bado zimo vidoleni.