MJADALA: Njia nne Mwanza–Usagara, tunapanua kwa hesabu za kivuko?

Mleta mada (Butimba): Wakuu, daraja la Kigongo–Busisi, lile la Ziwa Victoria linalounganisha Mwanza na upande wa Sengerema na Geita, lilifunguliwa Juni 2025. Kilomita 3 za maji ambazo mtu aliweza kuzisubiria kivuko masaa mawili, leo gari linazimaliza kwa dakika chache. Sasa kila kijiwe kinataka barabara ya Kenyatta iwe njia nne kutoka mjini hadi Usagara. Siipingi. Ugomvi wangu ni namna ya kukadiria.

Makadirio ya kawaida huenda kwa hatua: safari ni ngapi, zinaelekea wapi, watu watapanda nini, na mwisho kabisa ndipo safari zinamwagwa barabarani kuona foleni itakaa wapi. Lakini zile hatua za mwanzo zilishachukulia kuwa Busisi hadi mjini ni muda fulani. Ya mwisho ikitoa muda mwingine, inabidi urudi mwanzo, na mara nyingi harudi mtu. Ukichukua magari yaliyokuwa yakipanda kivuko ukaongeza asilimia ya ukuaji, umewahesabu waliovumilia tu. Aliyeuza mananasi yake Sengerema hukohuko kwa kuogopa kulala Busisi hayumo.

Dereva wa Buhongwa: Mkuu, hayo ya darasani. Njoo Mkuyuni, kwenye hiyohiyo Kenyatta, asubuhi uone gari lisivyosogea. Modeli, hizo hesabu zenu za kukadiria safari, za nini? Upembuzi yakinifu juu ya upembuzi yakinifu, hela zinaliwa, sisi tunaunguza mafuta.

Mleta mada: Foleni ya leo unaiona kwa macho, ya miaka kumi ijayo huioni. Na si jambo jipya: mwaka 1952 Mwingereza Wardrop alieleza kwamba madereva hugawanyika mpaka asibaki anayeweza kuokoa muda kwa kubadili njia peke yake. 1956 Beckmann na wenzake wakaonesha kuwa wingi wa safari na mgawanyo wa njia vinaingia kwenye hesabu moja. 1976 Suzanne Evans akatoa utaratibu wa kukokotoa kwa pamoja safari zinakoelekea na njia zinazopita, namba zikirudiwa hadi zikubaliane.

Chukua Kamanga. Mtu wa Sengerema ana njia mbili: kivuko cha Kamanga kinachomshusha katikati ya mji, au daraja, Usagara, kisha Kenyatta yote. Mkuyuni ikibana, wengine wanarudi Kamanga. Ukiipanua, wanahamia darajani, na nafasi uliyoongeza inaanza kujaa. Hesabu ya barabara moja haioni hilo.

Konda mstaafu: Mmesahau daladala. Foleni ikikolea, gari la Buhongwa linakatisha ruti Nyegezi, linageuza. Abiria wanafaulishwa, yaani wanahamishiwa gari jingine, ukiwa na bahati. Ukikosa unatafuta boda na nauli ya pili. Kesho yake yule abiria haji kituoni, anapanda boda tangu nyumbani. Kwenye karatasi yenu ni safari ileile, Buhongwa–mjini. Barabarani boda ishirini zimeshika nafasi ya Hiace moja.

Mleta mada: Konda, hilo ni bora kuliko langu. Foleni imepunguza daladala, na upungufu wa daladala umeongeza foleni.

Wa Ilemela: Nakubali nusu. Modeli hizi zilikulia Chicago na miji ya aina hiyo, kwa watu wenye magari yao. Hapa wengi wanatembea kwa miguu na daladala haina tiketi ya kukwambia nani kashukia wapi. Ukiunganisha makadirio mabovu na ramani nzuri ya barabara unapata ubovu wenye rangi. Anza na madodoso ya kaya, Igoma mpaka Kisesa, halafu tuongee.

Dereva wa Buhongwa: Haya, hesabuni. Kwa muda wote huo Mkuyuni mnaifanyaje?

Mleta mada: Malori ya Geita yanayokwenda Musoma yashikie barabara ya mchepuko ya Usagara–Kisesa, yasikanyage mjini. Vituo vya daladala viwe pembeni ili gari likisimama lisizibe njia. Hayo mawili hayasubiri modeli yoyote.

Dereva wa Buhongwa: La malori nakuunga mkono. Vituo pembeni umetuonea: ukishaingia humo, nani anakuruhusu kutoka?