Jeli ya diklofenaki: inaingia kweli au inakauka juu tu?

Goti Bovu: Wakuu, goti la kushoto linaniuma wiki ya pili sasa. Napaka hii jeli ya maumivu, baridi naisikia, dakika tano ngozi kavu kama sijapaka kitu. Dawa imeingia au imepeperuka? Nimeanza kufunga nailoni juu yake.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku: Toa hiyo nailoni leo hii! Ukifunika, dawa huingia kupita kipimo. Kinachopeperuka ni maji na spiriti, ndiyo ile baridi. Dawa yenyewe inabaki, inapenya polepole tabaka la juu la seli zilizokufa, jembamba kuliko karatasi lakini ndilo ukuta wenyewe. Molekuli za chini ya daltoni 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) ndizo hupita kirahisi. Insulini, dawa ya kisukari, ni kubwa mno, ndiyo maana watu bado wanajidunga. Na damuni hufika kama asilimia 6 tu ya kinachofika ukimeza vidonge. Tumbo linashukuru.

Mama wa Watatu: Yangu yote hunywewa na suruali.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku: Subiri dakika 10 ndipo uvae, dada.

Goti Bovu: Na kunawa je?

Mfamasia wa Zamu ya Usiku: Mikono, siyo goti. Niliwahi kujifikicha jicho kabla ya kunawa. Weee!