Mwanangu anataka skauti wa majini lakini hajui kuogelea

Mama Tumu: Hodi wenyewe. Mwanangu ana miaka 11, na sasa kang'ang'ania kuhamia skauti wa majini. Hajui kuogelea. Kiongozi wao kaniambia kwenye simu, "Usijali mama, wote wanavaa jaketi okozi." Usiku huo sikulala. Jaketi peke yake linatosha kweli?

Baharia Mzee: Karibu, mama. Nimeongoza skauti wa majini miaka 14 na nasema wazi: halitoshi hata kidogo. Kwetu mtoto hapandi chombo mpaka aogelee mita 50 na nguo zake mwilini, kisha aelee dakika 5 bila kushika kitu.

Jaketi lenyewe huwa nalipima hivi: mtoto akishalivaa, nashika mabegani na kulivuta juu. Likimfika masikioni, ni kubwa mno. Akitumbukia litaelea lenyewe, yeye abaki chini. Mkanda wa kupita kati ya mapaja nao ufungwe, hata akilalamika unambana.

Baada ya hapo tunapindua mashua makusudi, maji yakiwa shwari. Wanajifunza kushika chombo na kuhesabiana kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka wote wasikike. Hakuna kuogelea kuelekea ufukweni, hata uonekane karibu vipi. Halafu ndiyo tunaanza tanga na kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kukata upande huu na huu.

Sikazi haya kwa ukali tu. Skauti wa majini walianza Uingereza mwaka 1909, na Agosti 1912 mashua ya skauti wa London ilipinduliwa na upepo wa ghafla karibu na Leysdown, kwenye pwani ya Kent, Uingereza. Vijana 9 walikufa maji. Kila ninapokagua mikanda nawakumbuka.

Kasia: Nakazia jambo moja tu. Muulize huyo kiongozi: watoto wakiwa majini, mashua ya uokozi inakuwa wapi? Iwe imewashwa, ina mtu, iko karibu nao. Tulipokuwa tunajifunza mimi na wenzangu, ilikuwa imefungwa gatini na funguo ziko mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula. Tulining'inia kwenye mkuku, ule uti wa chini wa mashua yetu iliyopinduka, mpaka vidole vikafa ganzi.

Mama Tumu: Ahsanteni sana. Nimeshamwandikisha kuogelea, anaanza Jumamosi. La mashua ya uokozi nitaliuliza ana kwa ana, na nisiporidhika atasubiri. Mwanangu kanuna. Tangu jioni anafunga na kufungua mafundo kwenye mguu wa meza.