Naomba ushauri: Ufilipino ni Wakatoliki kweli au ni jina tu?

Habari zenu wanajamvi. Niko Kondele, Kisumu. Jumuiya yetu ndogo ndogo imenipa kazi ya kuongoza mazungumzo ya imani na siasa Jumapili ijayo, nami kwa kiherehere changu nikachagua Ufilipino.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mwaka 1986 Kardinali Jaime Sin aliwaita watu barabarani kupitia Radio Veritas, redio ya Kanisa, masista wakapiga magoti na rozari mbele ya vifaru, rais dikteta Ferdinand Marcos akakimbilia Hawaii. Lakini 2016 nchi hiyo hiyo ikamchagua Rodrigo Duterte, aliyeahidi waziwazi kuua watu wa mihadarati. Hesabu ya serikali yenyewe ya waliouawa inapita 6,000. Mwaka 2022 wakamrudisha mwana wa Marcos, tena kwa kura! Duterte naye akapelekwa The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), mwaka 2025 (njia hiyo sisi Wakenya tunaijua).

Nilipomweleza mama mmoja wa jumuiya, akaniuliza: "Mwanangu, na waliochoma nyumba za majirani hapa 2008 baada ya uchaguzi hawakuwa wamebatizwa?" Nimekwama hapo.

Nianze na Ufilipino au na sisi wenyewe? Na nifanyeje kikao kisigeuke cha vyama? Padri atakuwepo.