Faini ililipwa 2018, fomu za ajira hapa Mwanza bado zinamhukumu mdogo wangu

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mdogo wangu amekosa kazi tena. Safari hii ilikuwa udereva, kusambaza sabuni na mafuta ya kula madukani kutoka Igoma hadi Magu na Misungwi, kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Leseni anayo. Usaili alipita, wakampa gari alijaribu wakaridhika, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wakapokelewa. Ikabaki fomu moja kabla ya mkataba, na ndani yake lile swali: "Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai?" Akaweka tiki kwenye Ndiyo, akaeleza kwa mkono wake ilivyokuwa. Afisa utumishi akasoma, akamwambia atapigiwa simu. Hakupigiwa. Gari analiendesha mtu mwingine.

Sikieni kosa lenyewe. Mwaka 2018, kipindi cha Operesheni Sangara, ule msako wa uvuvi haramu Ziwa Victoria, alikuwa kibarua kwenye mtumbwi upande wa Kayenze. Mtumbwi si wake, injini si yake, nyavu si zake. Doria ilipofika ikakuta kokoro, wavu uliokatazwa, wakabebwa waliokuwa majini. Tajiri alikuwa mjini, hakuguswa. Vijana wakafikishwa mahakamani, wakakiri, hukumu ikawa faini au jela. Siku ile ukoo haukuwa na hela mkononi, kwa hiyo akapelekwa gereza la Butimba akakaa huko mpaka tulipochangishana tukamtoa.

Sitetei kokoro. Linakokota mpaka mazalia ya samaki, na sisi tunaoishi kwa ziwa hili tunajua hasara yake. Hakimu alisikiliza, akapima, akatoa adhabu yenye mwisho, na mwisho ule ulifika. Nani aliyewapa waajiri mamlaka ya kuongeza adhabu ambayo hakimu hakuitoa?

Na yule tajiri leo akipewa fomu ileile atajibu Hapana, tena atakuwa amesema kweli tupu. Hili ndilo linaninyima usingizi.

Angalieni swali lilivyoandikwa. "Umewahi" haina mwaka. "Kosa lolote" haina kipimo. Aliyepigana kilabuni akiwa kijana wa miaka 19, aliyeshikwa kwa uzururaji, aliyemwibia bosi wake na aliyebaka mtoto, wote wanaweka tiki kwenye kiboksi kimoja. Mwajiri akiona Ndiyo hana haja ya kusoma zaidi. Nafasi moja ina watu mia nyuma yake, kwa nini ajisumbue?

Katiba yetu yenyewe haiulizi hivyo. Someni ibara ya 67 inayohusu sifa za mbunge. Inapozungumzia watu waliohukumiwa inataja aina ya kosa, yaani utovu wa uaminifu, inataja kifungo kinachozidi miezi sita, na kuna mahali inahesabu miaka mitano kabla ya uchaguzi. Walioiandika walikaa wakafikiri kosa gani, adhabu gani, lini. Kwa faini ile ya kokoro, Katiba haimzuii mdogo wangu kugombea ubunge wa Ilemela. Lakini kubeba katoni za sabuni hafai!

Nimepitia na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Kimetaja kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU, umri na mengine. Aliyemaliza adhabu yake hayumo kwenye orodha. Wenzetu wameshaliona hili zamani. Uingereza wana sheria tangu 1974 inayoacha hukumu ndogo zizeeke: mtu mzima aliyepigwa faini, ukipita mwaka tangu ahukumiwe, kwa kazi za kawaida anaruhusiwa kisheria kujibu hapana. Kazi za kulea watoto na kuhudumia wagonjwa wameziwekea utaratibu wake. Afrika Kusini, ambako uhalifu si hadithi, aliyehukumiwa kwa makosa ya aina fulani anaweza kuomba rekodi ifutwe baada ya miaka 10.

Najua wapo watakaokuja kuandika "funika kombe mwanaharamu apite, mwambie aweke Hapana". Tumeshaambiwa sana, hata na ndugu. Siku wakidai cheti cha tabia njema cha polisi atachukuliwa alama za vidole, na kumbukumbu itatoka. Hapo atafukuzwa kwa kukosa uaminifu, na kanuni za utendaji bora kazini za 2007 zinautaja udanganyifu mkubwa kuwa sababu ya kumfukuza mtu. Akisema kweli hapati kazi, akidanganya anaikalia kazi roho mkononi. Mnamfundisha nini kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye watoto wawili?

Kuna la pili ambalo limenichoma zaidi ya kukataliwa kwenyewe. Ile fomu iliachwa mezani, wakaisoma wasiohusika. Wiki haikuisha, kijiweni wakaanza kumwita "Butimba". Mtoto wake wa kwanza amerudi shuleni akiuliza baba alifungwa kwa nini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za makosa ya mtu zimewekwa humo kwenye kundi la taarifa nyeti. Ofisini kwao zilikaa chini ya kikombe cha chai.

Waajiri mliomo humu, simkatazi mtu kuuliza. Mnaajiri mtunza fedha? Ulizeni wizi na ughushi, na mtaje ni ndani ya miaka mingapi. Mnaajiri dereva? Ulizeni ajali na ulevi barabarani. Mnaajiri matroni wa bweni? Ulizeni kila kitu, hapo niko nanyi. Na swali lenyewe liulizwe baada ya kumwona mtu na kazi yake, kisha akiandika Ndiyo mumpe kiti aeleze kabla hamjaamua.

Wanasheria, nina maswali mawili ya dhati. Mtu aliyenyimwa kazi kwa hukumu ya zamani isiyohusiana na kazi anaweza kufungua mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) hata kama kifungu cha 7 hakimtaji? Na lile la fomu kusomwa na kila mtu, malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yanapelekwaje kwa mtu aliyeko Mwanza? Nakala ya hukumu na risiti ya faini tunazo. Nisaidieni, niko tayari kulifuata mpaka mwisho.